Orodha ya Bwana Utaratibu

Ofisini walimwita Bwana Utaratibu, na jina hilo halikumuudhi. Alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika idara yenye watumishi mia mbili na kumi, na kwa miaka kumi na mmoja ya ukuu wake hakuna aliyebadilisha hata kipanya bila kujaza fomu. Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza uliuliza nini kinabadilishwa, kwa nini, na lini. Wa pili uliuliza mtafanyaje mambo yakienda mrama. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili ya sahihi, na hapo ndipo alipoiweka fahari yake yote: mstari wa fundi ulikuwa mfupi, wa mlalamikaji ulikuwa mrefu. Kazi haifungwi na fundi, alipenda kusema. Kazi hufungwa na aliyelalamika.

Alikuwa na miiko mingine. Kinachofanya kazi hakiguswi siku ya kazi. Mpango wa kurudi nyuma huchapishwa kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haihitaji umeme. Na fundi atakayemjibu mtumishi kwa maneno "kwangu inafanya kazi" ataandika barua ya kujieleza. Barua kumi na nne za aina hiyo zilikaa kabatini mwake, katika jalada la kijani.

Siku tunayoizungumzia alikuwa likizo. Saa moja na robo asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkono wa kushoto, Bwana Utaratibu aliifuta programu ya ndani ya ruta ya nyumbani kwake, kile kisanduku kinachogawa intaneti, na kuweka nyingine. Hakujaza fomu.

Alifanya hivyo kwa ajili ya mkewe. Mkewe alikuwa mtaalamu wa maabara, mwenye miaka kumi na tisa ya kupima damu za watu, na saa nane mchana wa siku hiyo alikuwa na usaili wa nafasi ya mkuu wa maabara. Mara mbili nafasi hiyo ilikuwa imetangazwa, na mara mbili ilikwenda kwa watu aliowafundisha yeye mwenyewe namna ya kushika kichupa cha sampuli. Usaili ulikuwa wa video. Barua ilitaka kompyuta yenye kamera na chumba kisicho na kelele, na iliongeza kwamba msailiwa atakayechelewa zaidi ya dakika kumi atahesabiwa kuwa amejitoa.

Chuo kimoja alichowahi kufundisha kilikuwa tayari kumpa chumba, ila kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Mumewe alikataa katakata. Nyumba ina mtaalamu wa mitandao, halafu mwenye nyumba akaombe mtandao ugenini? Kwa bahati mbaya, walipofanya jaribio siku ya Jumatatu, picha ya mkewe iliganda mdomo ukiwa nusu wazi, kama mtu anayetaka kupiga chafya akasahau. Bwana Utaratibu aliichukua aibu hiyo kama yake.

"Siku yenyewe hutaganda," alimwambia. "Niachie mimi."

Kwa wiki tatu alikuwa amesoma habari za programu ya ruta iliyotungwa na wapenzi wa kazi hiyo, watu wasiolipwa na kampuni yoyote. Ile ya kiwandani iligawa mtandao ovyo, kama mvua inavyowanyeshea wote. Hii mpya ilimpa mwenye nyumba mamlaka ya kupanga nani atangulie na nani asubiri. Mtu wa utaratibu angeikataaje?

Saa moja na dakika arobaini, taa ya ruta iliyokuwa ya kijani iligeuka nyekundu na kuanza kupepesa. Bwana Utaratibu alingoja. Aliizima, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Ikapepesa vilevile. Hapo alikumbuka mpango wake wa kurudi nyuma. Ulikuwepo, na ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa kwenye intaneti. Hakuuchapisha kwa sababu printa ya nyumbani ilikuwa haijapata wino kwa miaka miwili.

Mama mkwe alitoka chumba cha wageni, akamsalimia, akaitazama ruta, akaenda kuketi karibu na dirisha na ungo wake wa mchele. Alikuwa amekuja kwa wiki mbili kutibiwa macho. Kabla ya kustaafu alikuwa mgawa namba kwenye zahanati: kila alfajiri, kwa miaka ishirini na sita, aliwapa wagonjwa vikadi vya foleni. Alimheshimu mkwe wake na mkwe alimheshimu yeye, hivyo walizungumza machache, na hayo machache yalihusu afya.

"Imeamka na homa?" aliuliza.

"Itapona, mama. Ni kitu kidogo."

Nyumba yao ilikuwa ya chini kabisa katika jengo la ghorofa nne, nyuma ya jengo jingine lililolizidi kimo. Simu haikushika ndani. Aliyetaka kupiga alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akasimama penye dirisha la kona, na hapo alipata vipau viwili, vya sauti tu. Bwana Utaratibu alipanda. Kinyozi hajinyoi, alijiambia, na hakuna ubaya mkuu wa kitengo kuomba ushauri kwa walio chini yake.

Simu ilipokewa na dada wa dawati la msaada, mtumishi mwenye sauti tulivu ambaye hakuwahi kuandika barua ya kujieleza. Bwana Utaratibu alijitambulisha. Dada alifurahi kumsikia, akamtakia likizo njema, kisha akamuuliza kama kifaa kimewashwa.

Alimwambia waruke maswali ya mwanzo. Dada aliomba radhi. Mwongozo, alisema, ulikataza kuruka swali, hata mpigaji akidai kuwa ana ujuzi, na hasa akidai kuwa ana ujuzi. Bwana Utaratibu aliitambua sentensi hiyo. Aliitunga yeye, na alikumbuka jinsi neno "hasa" lilivyompendeza.

"Umebadilisha chochote hivi karibuni, bosi?"

"Nimebadilisha programu ya ndani."

"Na namba ya fomu ya mabadiliko?"

Jirani alipita na ndoo, wakasalimiana kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Niandike kwamba fomu haipo," alisema dada, bila ubaya wowote, na wakaendelea. Swali la saba liliuliza kama jina na nenosiri la laini vimeingizwa upya baada ya mabadiliko. Havikuingizwa. Programu mpya ilikuwa imefuta kila kitu, pamoja na vitambulisho ambavyo ruta hujitambulisha navyo kwa kampuni inayoleta intaneti. Bwana Utaratibu alimshukuru dada kwa unyenyekevu uliomshangaza mwenyewe, akashuka ngazi mbilimbili.

Saa nne kasoro tano taa ilirudi kuwa ya kijani. Alifungua kompyuta yake. Magazeti yakafunguka, barua pepe zikamiminika. Akaita kwa sauti ya mtu aliyevua samaki mkubwa kwamba mambo yamekaa sawa.

Mkewe alikuwa chumbani, kitambaa cheupe kikiwa ukutani nyuma ya kiti chake, kompyuta ikiwa juu ya vitabu vitatu ili kamera ilingane na macho. Alijaribu. Hakikufunguka kitu.

"Kwangu haifunguki," alisema.

"Kwangu inafanya kazi," alijibu Bwana Utaratibu.

Maneno hayo yalimtoka laini kama salamu. Hakuyasikia. Mkewe aliyasikia, kwa kuwa kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akisimuliwa habari za jalada la kijani kila chakula cha jioni, lakini alinyamaza, kwani siku ya usaili mtu hutunza pumzi.

Kuanzia hapo tatizo likawa si la ruta tena. Likawa la kompyuta ya mkewe. Bwana Utaratibu aliizima na kuiwasha. Alifuta programu mbili ambazo hakuzipenda tangu zamani. Aliilaumu betri, ambayo haikuhusika hata kidogo. Kila baada ya hatua alirudi sebuleni, akafungua kompyuta yake, akaona magazeti, akaridhika. Mama mkwe alipotaja kwamba simu yake nayo haipokei kitu, alielezwa kwa upole kwamba simu hiyo ni ya zamani.

"Ni ya zamani kama mimi," alikubali mama mkwe. "Lakini jana ilikuwa inashika."

Saa sita kamili mkewe alitoka chumbani na mkoba begani. Alikuwa amepiga hesabu. Akiondoka sasa hivi angefika chuoni saa saba na nusu, anywe maji, aketi. Akichelewa kuondoka, safari isingekuwa na maana tena.

"Dakika kumi," alisema Bwana Utaratibu. "Nipe dakika kumi tu. Nimeshaliona tatizo."

Hakuwa ameliona. Mkewe alimtazama kwa namna alivyotazama kioo cha hadubini: bila chuki, akisubiri kitu kijitokeze. Miaka ishirini ya ndoa si kitu cha kumwaga mlangoni. Akautua mkoba.

Dakika kumi zikapita. Zikapita na nyingine kumi, na nyingine. Saa saba kasoro robo, chuo kilikuwa kimeshakuwa mbali kama mwezi. Bwana Utaratibu alikuwa ameketi sakafuni katikati ya nyaya, mgongo umelowa jasho, na kwa mara ya kwanza aliogopa sawasawa. Hakuogopa ruta. Aliogopa saa nane.

Mkewe alimuuliza kwa nini asitumie tu kompyuta yake yeye, hiyo inayosoma magazeti tangu asubuhi. Lilikuwa swali la haki. Bwana Utaratibu aliinamisha kichwa. Ile ilikuwa kompyuta ya ofisi, na kompyuta za ofisi zilifungwa kamera kwa waraka maalumu, ili watumishi wasizitumie kwa mambo ya nyumbani. Kuifungua kulihitaji kibali, na kibali hutolewa ofisini, na mkuu wa kitengo.

"Mkuu wa kitengo ni wewe," alisema mkewe.

"Niko likizo."

Mama mkwe alikohoa ndani ya ungo.

Mkewe hakucheka wala hakukasirika. Alivua viatu vya safari, akaleta karatasi moja na kalamu, akapiga mistari. Maabarani, alisema, hawabadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja, na hawamwamini mtu anayepima sampuli yake peke yake. Aliagiza kila kifaa cha nyumba kiletwe mezani. Wakaanza kupima kimoja kimoja, yeye akiandika.

Kompyuta ya mume, sebuleni: inashika. Ileile, ikipelekwa chumbani kwenye kitambaa cheupe: inashika. Kompyuta ya mke, chumbani: haishiki. Ileile, ikiwekwa ubavuni mwa ruta: haishiki. Ikichomekwa kwa waya: haishiki. Simu ya mume: inashika. Simu ya mama: haishiki. Simu ya mke: haishiki. Televisheni: inashika, na ilionyesha utabiri wa hali ya hewa. Hata printa, isiyo na wino wala karatasi, iliwasha taa yake ndogo ya buluu kutangaza kwamba iko hewani.

Alimpa karatasi mumewe, akamwomba aisome mwenyewe. Bwana Utaratibu alisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Majibu yalijipanga safu mbili, kama watu waliogombana.

"Ruta haiumwi," alisema mkewe. "Ruta inachagua. Nani ameiambia ichague?"

Ndipo alipoikumbuka orodha.

Alikuwa ameiingiza asubuhi kabla ya chai kupoa. Aliinakili kutoka kwenye daftari lake la nyumbani bila kuisoma, kama mtu anavyoitikia salamu. Baada ya mazungumzo na dada wa dawati la msaada aliihakiki herufi kwa herufi dhidi ya daftari, akaikuta sahihi. Sasa akaifungua kwenye kioo cha kompyuta yake, na wote watatu wakainama mbele yake.

Programu iligawa vifaa mafungu matatu, na mwenye nyumba aliyapa majina apendayo. Fungu la juu Bwana Utaratibu aliliita Lazima. Lilikuwa na nafasi nne: kompyuta yake, simu yake, televisheni, printa. Fungu la kati aliliita Kawaida, nalo lilikuwa tupu, likisubiri vitu vya baadaye. Fungu la chini aliliita Wengineo. Humo mlikuwa na kompyuta ya mkewe, simu ya mkewe, na kifaa kilichoandikwa "simu ya bibi", ndiyo ya mama mkwe.



Alijitetea kwamba orodha ni ya zamani. Aliiandika miaka minane iliyopita, walipohamia. Wakati huo mkewe hakuwa na kompyuta. Alipoinunua, aliongezwa mwishoni, kama mtu yeyote anavyojiunga na foleni. Simu ya mama nayo vivyo hivyo. Haikuwa dharau. Ofisini orodha kama hizi hupitiwa upya kila miezi sita, ila nyumbani, unajua tena. Mkewe aliuliza swali moja tu, nalo lilihusu printa: inafanya nini kule juu? Bwana Utaratibu alisema kwamba printa huwezi kujua.

"Hata hivyo," aliendelea haraka, "kuwa Wengineo si kunyimwa. Nimeandika hapa: Lazima, sehemu sabini kwa mia. Kawaida, thelathini. Wengineo nimepaacha wazi, maana wao wanachukua kinachobaki. Wako mwisho, lakini wamo."

Mama mkwe aliweka ungo chini na kuvaa miwani yake mpya. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Kidole chake kilichozoea vikadi kikasimama juu ya kisanduku kitupu kando ya neno Wengineo.

"Mwanangu," alisema, "miaka ishirini na sita nimegawa namba. Mwenye namba mia ni wa mwisho, na jioni anamwona daktari. Asiye na namba si wa mwisho. Asiye na namba hajafika."

Bwana Utaratibu alikitazama kisanduku. Sabini na thelathini ni mia. Kinachobaki hakikuwepo. Na mashine, kama mlinzi wa geti, haijui kukisia nia ya mtu. Palipoachwa wazi iliweka sifuri. Tangu saa nne asubuhi ruta ilikuwa ikitekeleza kwa uaminifu kamili agizo la mwenye nyumba: mkewe asipate chochote.

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na nane.

Mkono wake ulikuwa mwepesi sasa. Aliitoa printa katika Lazima, akaingiza kompyuta ya mkewe. Chumbani, kompyuta hiyo ilikorudishwa juu ya vitabu, kitu kikalia: barua pepe za asubuhi nzima zikawa zinaingia kwa pamoja. Mkewe hakushangilia. Alikuwa bado anaisoma karatasi yake ya majaribio.

"Hiyo yako hujipakulia vitu kila mchana," alisema. "Isije ikanigandisha. Ishushe."

"Niishushe wapi?"

"Kwa wengineo."

"Kwa muda," alisema Bwana Utaratibu.

"Kwa muda," alikubali mkewe.

Alishusha televisheni. Alishusha simu yake. Mwisho akaishusha kompyuta aliyokuwa akiitumia, na mara tu alipobonyeza, ukurasa wa ruta ukageuka mweupe mbele ya macho yake. Alikumbuka kwa nini. Kwa usalama alikuwa ameweka sharti asubuhi ileile kwamba ukurasa wa mipangilio utafunguliwa tu na kifaa kilicho katika Lazima. Lilikuwa sharti zuri. Hakusema kitu. Saa nane kasoro dakika sita si wakati wa kumwelezea mtu jambo kama hilo.

Mlango wa chumba ulifungwa. Bwana Utaratibu na mama mkwe wakaketi ukumbini kwenye viti viwili vilivyotazamana. Mama mkwe alichambua mchele punje kwa punje ili usitoe sauti. Kutoka ndani walisikia salamu, kisha mtiririko wa sauti ya mkewe, tulivu, isiyokatika mahali popote. Hakuganda. Dakika ya ishirini, dakika ya thelathini, hakuganda.

Kisha mwenyekiti wa jopo, kwa sauti nzito iliyopita chini ya mlango, aliuliza angefanya nini iwapo kosa la maabara limetokana na mkubwa wake, na mkubwa huyo halioni.

Ukimya ulikuwa mrefu hata Bwana Utaratibu akadhani mtandao umekatika.

"Sitamwambia amekosea," ilijibu sauti ya mkewe. "Nitaomba tupime vyote, vyake na vya wenzake, tuandike kwenye karatasi moja. Halafu nitampa yeye asome."

"Na akisoma asione?"

"Nitampa dakika kumi. Zaidi ya hapo si heshima tena, ni woga. Leo nimejifunza."

Mama mkwe aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitazama, akakiweka juu ya mkono wa kiti cha mkwe wake. 

Mkewe alipotoka, alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo na bado hajui kama umefika. Mumewe alimuuliza kama aliganda. Alisema hakuganda. Akaongeza kwamba majibu yatatoka baada ya siku kadhaa, kwa barua pepe, na akaenda kulala kidogo.

Jioni Bwana Utaratibu alifungua kompyuta yake. Hakikufunguka kitu. Alizunguka nayo nyumba nzima, kwa kuwa mazoea yana tabu, kisha akamfuata mkewe jikoni alipokuwa akisoma kitu kwenye kioo chake huku sufuria ikichemka.

"Mtandao haunifikii," alisema.

Mkewe hakuinua kichwa. "Kwangu inafanya kazi."

Safari hii aliyasikia. Aliyasikia yote matatu, moja moja, kana kwamba anayasoma kutoka jalada la kijani. Alisimama pale hadi kifuniko cha sufuria kilipoanza kutikisika, kisha akaeleza habari ya ukurasa mweupe. Kompyuta pekee iliyoweza kuingia kwenye ruta sasa ilikuwa ile iliyo mbele ya mkewe. Nenosiri angempa. Ni kubonyeza mara mbili tu. La sivyo angechukua pini, abonyeze kitufe kilichofichwa cha kuirudisha ruta mwanzo, aanze upya.

Mkewe alifikiri. Kuanza upya kulikuwa hatari, alisema, kwani kinachofanya kazi hakiguswi siku ya kazi, na hadi majibu yatoke kila siku itakuwa ya kazi. Nenosiri alilipokea kwa shukrani. Kuhusu kubonyeza mara mbili, aliuliza kama kuna fomu.

Kulikuwa na fomu. Ilibidi aiandike kwa mkono, kurasa zote mbili, na mistari aliipiga kwa rula. Mkewe aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma palepale, akamkumbusha kwamba kwa mujibu wa aya ya mwisho ombi hujibiwa ndani ya siku saba za kazi. Usiku huohuo alifungua ukurasa wa ruta na kumpandisha mama yake hadi Lazima, bila fomu, kwa kuwa mama hakuwa ameomba.

Siku saba za kazi ni siku tisa za kalenda. Kwa siku tisa mkuu wa kitengo cha kompyuta alipanda ngazi kila jioni hadi ghorofa ya tatu kusikiliza simu zake penye dirisha la kona. Jirani wa ndoo alimzoea, akaanza kumwita Mlinzi.

Siku ya tisa aliposhuka alimkuta mama mkwe katikati ya sebule, simu mkononi, machozi yakimchuruzika chini ya miwani. Mkewe alikuwa amekaa mezani akitabasamu peke yake. Habari ilikuwa imefika nusu saa iliyopita. Alikuwa amemtumia mama yake chumbani, na dada zake, na wafanyakazi wenzake, na mume wake. Wote walikuwa wameshajibu isipokuwa mmoja.

"Pole, baba," alisema mama mkwe akimpa mkono. "Naona wewe hujafikiwa. Binti yangu ndiye mkuu wa maabara."

Bwana Utaratibu alimkumbatia mkewe mbele ya mama yake, jambo ambalo halikuwa katika utaratibu wowote. Alipomwachia, mkewe alifungua droo na kutoa fomu. Alikuwa ameshatia sahihi kwenye mstari mfupi, wa fundi. Mstari mrefu ulibaki.

"Kazi hufungwa na aliyelalamika," alisema. "Umelalamika wewe. Ila kuna kisanduku umeacha wazi."

Kilikuwa kisanduku cha chanzo cha tatizo. Bwana Utaratibu alichukua kalamu na kuandika: Orodha ya zamani. Mkewe alisoma, akangoja. Mama mkwe naye akangoja. Akakata maneno hayo kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika: Mwenye orodha. Kisha akatia sahihi.

Mkuu wa maabara alivuta kompyuta yake na kubonyeza mara mbili. Mfukoni mwa mumewe simu ilitetemeka kwa muda mrefu sana.

"Nimekuweka Kawaida," alisema. "Una sehemu thelathini."

"Si Lazima?"

"Lazima imejaa. Tuko mimi, mama, televisheni, na printa."

"Printa?"

"Nimeinunulia wino," alisema mkewe. "Barua ya uteuzi inatakiwa ichapishwe."